Mwanamke wa Ukurasa wa Mia na Kumi na Nne

Kwetu wananiita Karani, na si kwa sifa. Nilikaa masjala ya hospitali miaka thelathini na moja, nikitunza mafaili ya waliopona, waliokufa na waliotoroka wodini na mashuka. Siku nilipostaafu nilipewa saa ya ukutani na hotuba ndefu. Wiki mbili baadaye nilikuwa nimeshapanga vijiko vyote vya jikoni kwa ukubwa, na binti yangu ananitazama kama mgonjwa. Mtu wa namna hiyo ukimwacha bila kazi atatafuta balaa. Mimi la kwangu nililikuta kwenye mti wa ukoo.

Ilianza kwa mzaha. Binti yangu aliuliza kwenye kundi la simu la ukoo: jamani, baba yake Babu alikuwa nani? Majibu yakaja saba, na wazee saba tofauti. Mmoja alisema alikuwa askari, mwingine mpishi wa meli, mwingine akasema huyo mtu hakuwahi kuwepo, Babu alijitungia. Na kila mmoja alianza na neno lile lile: inasemekana. Nalichukia neno hilo kuliko njaa. Ukiwabana wanakwambia lisemwalo lipo. Lipo wapi? Daftari gani? Ukurasa wa ngapi?

Basi nikanunua karatasi ya wale wachora ramani za nyumba, urefu meta mbili, nikaitandika juu ya meza ya chakula, na kuanzia siku hiyo tukawa tunakula tumepakata sahani. Nilijiwekea kanuni. Mwenye karatasi, iwe cheti cha kuzaliwa, daftari la shule, kadi ya kliniki au hati ya ndoa, ataungwa kwa mzazi wake kwa mstari wa wino mweusi. Asiye na karatasi ataungwa kwa nukta nukta. Kila jina litakuwa na kinamba kidogo pembeni, na nyuma ya karatasi kutakuwa na orodha ya vyanzo: namba, daftari, ukurasa. Bila karatasi hakuna mstari. Niliisema kanuni hiyo mpaka ndugu wakawa wananikwepa harusini na misibani. Kuna msiba nilimhoji mjane tarehe ya ndoa yake kabla jeneza halijatoka ndani. Sijivunii.

Kazi ilinichukua mwaka na nusu. Nilikohoa vumbi la shule nne na ofisi za serikali nisizozijua idadi. Nilimpata yule askari, na ndiye aliyekuwa baba yake Babu kweli, tena alifukuzwa kazi kwa ulevi. Niliwapata mapacha ambao hakuna aliyekuwa akiwakumbuka. Nilikuwa na furaha, acha niseme ukweli. Tangu nistaafu sikuwahi kuamka na hamu namna ile.

Sasa nimtaje Shangazi, maana habari hii ni yake.

Mama yangu alikufa nikiwa na miaka minne. Baba alikuwa dereva wa malori, leo yupo kesho hayupo. Aliyenichukua ni mdogo wake wa mwisho, Shangazi, akiwa msichana wa miaka kumi na saba. Wanasema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na yeye alilea mwana ambaye hata mimba yake hakuiona. Alinifundisha kusoma kwenye magazeti ya kufungia sabuni. Alinipiga nilipostahili na mara mbili tatu nisipostahili. Hakuolewa. Alishona nguo za watu kwenye cherehani barazani kwa Babu, na Bibi alipopooza alimuuguza miaka minne, akimgeuza kitandani peke yake kila baada ya saa chache. Mikono yake haikupona tena.

Nyumba ya Babu iko pembeni mwa barabara kuu, vyumba vitatu na baraza, bati lina kutu lakini kiwanja kinatamanisha. Babu aliacha karatasi yenye sahihi na mashahidi: nyumba ni ya watoto wake watatu, na atakayebaki hai mwisho ndiye mwenye nyumba, afanye apendavyo. Baba yangu akafa kwanza. Kisha Baba Mkubwa akafa. Akabaki Shangazi, miaka sabini na moja, na cherehani yake.

Na alikuwepo binamu yangu, mtoto wa Baba Mkubwa. Tunamwita Wakili, ingawa anauza vigae vya sakafu, kwa sababu hajawahi kukubali jambo bila kulipeleka mbele ya watu. Wakili alikitaka kile kiwanja ajenge duka la vigae lenye vioo mpaka chini. Alishambembeleza Shangazi, akamnunia, akamtumia wazee. Shangazi akamjibu, "Nitoke niende wapi, mwanangu? Subiri nife, sina haraka lakini nawe usiwe nayo." Kilichomzuia Wakili kilikuwa kitu kimoja tu: Shangazi ni mtoto wa Babu.

Katika mti wangu Shangazi alikuwa ananikera. Hakuwa na karatasi hata moja. Cheti cha kuzaliwa hana. Shule alisoma miaka miwili na daftari lake liliungua. Kitambulisho alikipata kwa kiapo cha Bibi, na kiapo ni inasemekana iliyovaa tai. Baba na Baba Mkubwa nilishawaunga kwa wino. Yeye bado ana nukta, aliyenilea mimi! Nikasema haiwezekani, lazima nimtafutie mstari wake. Nataka lieleweke hilo. Nilikwenda kumtafutia mstari.

Alizaliwa hospitali ile ile niliyofanyia kazi, Bibi alisema hivyo kila siku. Nikamwendea mtunza stoo, mzee tunayemwita Kufuli kwa wingi wa funguo kiunoni. Akanifungulia chumba cha nyuma, madaftari ya zamani yamerundikana hadi darini, yananuka mkojo wa panya.

"Fanya haraka," akasema. "Haya yamo kwenye orodha, mwaka huu yanachomwa. Hakuna anayeyataka isipokuwa wewe na mchwa."

Daftari la wodi ya wazazi la mwaka ule nililipata siku ya tatu. Mwandiko wa muuguzi aliyeliandika ulikuwa mzuri ajabu, herufi zimesimama wima kama watoto gwarideni. Ukurasa wa mia na kumi na mbili, mstari wa tano, nikakuta jina la Bibi na la Babu, na mtaa wao. Mtoto wa kike. Moyo ukaniruka kwa furaha. Kisha nikasoma safu ya mwisho: mtoto amefariki siku ya tatu.

Nilisoma mara nne. Nikajiambia labda kuna mwingine mwaka uliofuata. Hakuna. Nikafungua mbele, sijui natafuta nini, na kwenye ukurasa wa mia na kumi na nne nikaona jina la Bibi tena, mahali pasipo pake. Lilikuwa katika safu ya mtoto amechukuliwa na nani. Mzazi alikuwa mwanamke aliyeokotwa kando ya barabara akiwa na uchungu, miaka kumi na tisa, hana ndugu, akajifungua mtoto wa kike mzima, akatoka damu, akafa asubuhi. Mtoto amechukuliwa na mama wa kitanda cha saba. Na jina la Bibi.

Nikakaa juu ya rundo la madaftari. Bibi aliingia wodini na mimba, akatoka na mtoto, nani angemuuliza? Muuguzi mmoja mwenye mwandiko mzuri aliandika ukweli kwenye safu, akafunga daftari, na miaka sabini na moja hakuna aliyelifungua. Mpaka mimi na kiherehere changu.

Nikatoa kijitabu changu. Nikaandika: ukurasa 112, mtoto wa Bibi alifariki. Ukurasa 114, mwanamke mgeni alifariki, mtoto alichukuliwa na Bibi. Basi. Nikamshukuru Kufuli, nikaenda zangu.

Siku mbili sikulala vizuri. Kalamu nyeusi ilikuwa mezani. Ningeweza kuchora ule mstari kwa sekunde tatu, na nani angenidai? Lakini kiburi cha mtu wa mafaili ni ugonjwa. Miaka thelathini na moja sijawahi kugeuza tarehe hata moja, hata pale daktari mkuu alipokuja mwenyewe kuniomba. Nikajiambia nukta si tusi, nukta maana yake hakuna karatasi tu. Nikajiambia sitasema neno kwa mtu. Nikamwekea Shangazi nukta, na pembeni kinamba, na nyuma ya karatasi, kwa kuwa kila kinamba lazima kiwe na chanzo chake, nikaandika: daftari la wodi ya wazazi, mwaka fulani, ukurasa 112. Ule wa 114 sikuuandika. Yule mwanamke hakuwa wa kwetu, na mti ulikuwa wa kwetu.

Nani husoma vyanzo? Kazini niliandika vyanzo maisha yangu yote na hajapata kutokea mtu mmoja aliyevisoma.

Jumapili moja mchana nikaipiga picha karatasi, mbele na nyuma. Nyuma pia, ndiyo, kwa sababu nilitaka waone jasho langu. Nikatuma kwenye kundi nikaandika: "Ndugu zangu, huu ndio ukoo wetu. Kila kilichomo nimekihakiki mara tatu. Atakayepata kosa nitamnunulia kreti ya soda." Simu ililia mpaka jioni. Hongera Karani. Mungu akuzidishie Karani. Wengine walilia kuwaona wazazi wao wameandikwa. Wakili aliandika neno moja: "Safi sana."

Kesho yake Shangazi alikuja kwa miguu, amebeba miwani mkononi kwa sababu mkono mmoja wa miwani ulikatika.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba. Nionyeshe hilo dude lenyewe, kwenye simu sikuona kitu."

Akazunguka meza taratibu. Alimgusa Bibi, akamgusa Babu, akamgusa baba yangu. Kisha akafika kwake.

"Mbona kaka zangu wana mistari na mimi nina nukta nukta? Wino ulikwisha?"

Nilicheka. Kicheko kilitoka kibaya. "Ni alama tu Shangazi. Wasio na cheti."

"Ahaa. Basi mimi nimekuja kwa matone." Akacheka yeye, cheko lake lile la kifuani, akaomba chai. Alikaa mpaka saa kumi akinisimulia jinsi Bibi alivyokuwa akimsuka nywele na kumvuta masikio. Nilimsikiliza, na kila aliposema "mama yangu" nilikuwa nakoroga kikombe kisicho na sukari.

Wiki tatu baadaye aliletewa barua ya baraza la ardhi. Mlalamikaji: Wakili. Madai: anayeishi katika nyumba ya marehemu si mtoto wa marehemu. Kielelezo: nakala ya ukurasa wa 112, ina muhuri wa hospitali.

Nilikwenda dukani kwake. Alikuwa anampimia mteja vigae vya choo.

"Huna haya?" nikamwambia mbele ya mteja. "Mwanamke aliyekufuta kamasi!"

Akamaliza kupima. Hakuinua hata sauti. "Dada Karani, mimi nimefanya nini? Umeandika ukurasa, nikaenda kuusoma. Wewe ulidhani utaandika namba na watu wasihesabu?"

"Futa kesi. Nakuomba. Nakupigia magoti hapa hapa kwenye vigae vyako."

"Piga tu, ni vya bei nafuu." Mteja akacheka bila kujua anacheka nini. Kikulacho ki nguoni mwako, nilijisemea njiani. Nilikuwa na maana ya Wakili. Nilipofika nyumbani na kuiona ile karatasi mezani nikajua anayesemwa ni mimi.

Nikaamua kusema uongo. Sikuona shida. Mtu aliyetunza ukweli miaka yote ana haki ya uongo mmoja, ndivyo nilivyojipa moyo.

Baraza lilikuwa wazee watatu na mwenyekiti mwanamke mwenye sauti ya upole, chumba chenye madirisha ya nondo na benchi zinazocheza. Shangazi alivaa gauni lake la kijani. Mpaka siku hiyo alidhani ni njama tu za Wakili na karatasi za kughushi. Hakuniuliza kitu, aliniamini.

Niliposimamishwa nikasema nilikosea. Nikasema daftari lile ni kuukuu, limeliwa na panya, mwandiko haueleweki, nilisoma jina la mtu mwingine.

Mwenyekiti akanipa nakala. "Tusomee hapa, mama."

Zile herufi zilizosimama wima. Hata mtoto wa darasa la kwanza angesoma. Nikairudisha nakala mezani.

Wakili akainuka, akatoa simu, akasoma kwa sauti: "Kila kilichomo nimekihakiki mara tatu. Atakayepata kosa nitamnunulia kreti ya soda." Watu wakacheka chumba kizima. Mzee mmoja wa baraza, mtu mwema, akajaribu: wahenga walisema kitanda hakizai haramu, Bibi alimkubali, Babu alimkubali, tunataka nini zaidi?

"Hapa kitanda hakikuzaa kabisa, mzee wangu," Wakili akajibu. "Aliyezaliwa kitandani yuko kaburini. Na karatasi ya Babu inasema watoto wake, na wa mwisho wao kufa ni baba yangu."

Shangazi alisimama bila kuitwa. "Mimi nilimgeuza yule mama kitandani miaka minne," akasema. "Alikufa ameshika mkono wangu huu. Kama si mama yangu, basi mama yangu ni nani?"

Mwenyekiti alitazama mezani. "Hilo, bibi, si kazi ya baraza."

Akapewa siku thelathini atoke.

Tulirudi kwa miguu, hakutaka kupanda gari. Tulipofika kwenye karakana ya baiskeli, akasimama kivulini.

"Wewe ulilifungua hilo daftari."

"Nililifungua."

"Ulijua nilipokuja kunywa chai."

"Nilijua, Shangazi. Nisamehe."

Hakusema amenisamehe. Alisema, "Mtoto yule alikufa. Mimi nilitoka wapi?"

Nikamwambia yote: barabara, uchungu, miaka kumi na tisa, damu, asubuhi, kitanda cha saba. Fundi alikuwa anagonga rimu na ilibidi nipaze sauti kumwambia mtu kifo cha mama yake. Alisikiliza amekunja uso kama anatunga uzi kwenye sindano.

"Jina lake?"

Nikafungua mkoba nikatoa kijitabu. Nilikuwa najua kabla sijakifungua. Mwanamke mgeni. Ndivyo nilivyoandika. Mimi, niliyekesha wiki nzima kutafuta herufi ya katikati ya jina la mlevi aliyefukuzwa jeshini, nilikuwa nimetazama jina la mama yake Shangazi limeandikwa kwa mwandiko mzuri mbele ya macho yangu, na sikulinakili. Hakuwa wa kwetu. Nilijaribu kulikumbuka pale pale barabarani, nikafumba macho, nikaona safu, nikaona mstari, na penye jina sioni kitu.

"Liko hospitali," nikasema. "Kesho nakuletea."

Kesho yake saa mbili asubuhi nilikuwa kwa Kufuli. Alinitazama kwa huruma kabla sijauliza. Chumba cha nyuma kilikuwa kimefagiliwa, kimepakwa chokaa, kuna vitanda vipya ndani ya nailoni.

"Yameshachomwa," akasema. "Wiki ya tatu sasa. Yule ndugu yako aliwahi, alitaka nakala ya ukurasa mmoja tu."

"Ukurasa mmoja."

"Ule aliokuja nao umeandikwa kwenye simu. Mia na kumi na mbili."

Nilikwenda nyuma ya jiko la hospitali kwenye shimo la kuchomea. Nilishuka mle na viatu vyangu vya kanisani nikachakura kwa mikono. Wapishi walidhani nimerukwa na akili, mmoja akaniletea maji. Nilikuta majivu na pini za kubania karatasi.

Shangazi alikuwa ameshaanza kuhamia kwangu. Alikuja na cherehani, sufuria nne na godoro, nikampa chumba cha uani. Alikuwa ameketi kitandani, mikono magotini, kama msichana anayesubiri majibu ya mtihani. Sijapata kuona uso wenye njaa namna ile kwa mtu mzima.

"Umelipata?"

Nilitaka kusema hapana. Naapa neno lilikuwa mdomoni. Lakini nikamtazama, nyumba hana, mama aliyemjua kanyang'anywa, kaka zake kanyang'anywa, na aliyemnyang'anya ni mimi. Nikafungua mdomo nikataja jina. Jina zuri la mwanamke, na la baba yake juu. Lilinijia tu, sijui kutoka wapi. Sitalitaja hapa.

Akalirudia polepole, mara tatu. Machozi yakamshuka, akayaacha. "Niandikie," akasema. Nikamwandikia.

Nilidhani yameisha. Kumbe ndiyo yameanza. Kesho yake asubuhi aliuliza, daftari limesema anatoka wapi? Nikasema sehemu fulani. Keshokutwa: kazi yake? Nikasema mshonaji, na alipofurahi nikajua nimepotea. "Unaona! Ndiyo maana mikono yangu ilijua yenyewe!" Kila siku alitaka kijiko kimoja zaidi, na kila siku nilimpa. Aliwaambia majirani. Alimwambia muuza maziwa. Alikuwa akishona na kumsimulia mama yake, na ole wako ukosee jina. Ilinibidi niandike uongo wangu kwenye kijitabu, na tarehe, nisije nikajichanganya. Nilimtengeneza mwanamke mzima kwa miezi saba. Yule wa kweli, aliyekufa asubuhi peke yake, nilizidi kumfukia kila nilipofungua mdomo.

Kuna siku nilishindwa. Nikasema, "Shangazi, kuna kitu nataka kukwambia kuhusu lile jina."

Aliinua macho kutoka kwenye cherehani haraka mno. "Una mpango wa kuninyang'anya na hilo?"

"Hapana," nikasema. "Nilitaka kusema ni jina zuri."

"Najua ni zuri." Akaendelea kushona.

Alikufa kwa kifua mwezi wa nane tangu ahame. Kule pembeni mwa barabara nyumba ilikuwa imeshavunjwa, vioo vya Wakili vinang'aa. Wakili alituma salamu za rambirambi kwenye kundi, na wengi wakazipenda.

Nilikwenda mwenyewe kuandikisha kifo. Dirishani alikaa karani mwanamke wa makamo, miwani puani, anaandika kwa uangalifu, mtu wa aina yangu kabisa. Jina la marehemu. Umri. Sababu. Kisha akashuka mstari.

"Jina la mama mzazi wa marehemu?"

Nyuma yangu kulikuwa na foleni. Nilijua fomu ile inakokwenda: kwenye faili, faili kwenye rafu, na baada ya miaka mia mtu kama mimi atakuja kuifungua. Kulikuwa na kisanduku kidogo pale chini kimeandikwa "haijulikani", unaweka tiki tu. Nimetia tiki visanduku hivyo maelfu kwa ajili ya watu wa wengine.

Nilitaja jina. Na la baba yake.

Aliandika, akasimamisha kalamu, akanitazama juu ya miwani. "Una uhakika, mama? Maana likishaingia hapa halitoki."

"Nina uhakika," nikasema.

"Umelitoa wapi? Kuna karatasi?"

"Nilisoma kwenye daftari la wodi," nikamwambia, "kwa macho yangu mwenyewe." Akaitikia kwa kichwa kuridhika, akapiga muhuri, akaniambia nikasubiri nakala kwenye benchi la nje.